Kiatu Kilivyolipanga Jengo: Kukisoma na Kukitunza Kiwanda cha Viatu cha Northampton

Northampton ni mji wa katikati ya Uingereza ambao timu yake ya mpira wa miguu hadi leo huitwa Mafundi Viatu. Mgeni anayekwenda kuvitafuta viwanda vyake vya zamani hukosea jambo moja: hutafuta bomba refu la moshi na ukuta mkubwa wenye geti, kama viwanda vya pamba vya Lancashire. Haoni kitu. Viwanda vya viatu vya zama za Malkia Victoria vimejificha katikati ya makazi ya watu. Nyumba za matofali mekundu zimeshikana safu nzima, na penye kona ya mtaa safu inaishia kwenye jengo lililozizidi nyumba kimo kwa ghorofa moja au mbili, lenye madirisha mapana yaliyokaribiana. Hapo ndipo. Mfanyakazi alitoka mlango wa nyumbani akaingia mlango wa kazini bila kuvuka barabara zaidi ya mbili tatu.

Wengi wanaoyakarabati majengo haya huutazama uso wa mbele tu: mlango uliochongwa, mawe ya mapambo, mwaka ulioandikwa juu ya kizingiti. Uso ni mzuri, na unastahili kutunzwa. Lakini jengo hili halikuanza kuchorwa usoni. Limepangwa na kiatu. Kila ghorofa, kila dirisha na kila tundu kwenye nguzo lipo pale lilipo kwa sababu ya hatua fulani ya kazi, na asiyeijua kazi hiyo atang'oa kitu cha maana akidhani ni takataka.

Kabla ya kiwanda

Mji ulikuwa na vitu vitatu pamoja: ng'ombe wa malisho ya jirani, magome ya mwaloni yenye tanini ya kutengenezea ngozi, na maji ya mto Nene. Mwaka 1642 mafundi 13 wakiongozwa na Thomas Pendleton walipata zabuni ya jozi 4,000 za viatu na jozi 600 za buti kwa ajili ya jeshi lililokuwa likienda Ayalandi. Kwa zaidi ya miaka 200 baada ya hapo kiwanda hakikuhitajika. Mwenye biashara alikuwa na ghala, na humo ngozi ilikatwa. Vipande vilipelekwa majumbani, wanawake na watoto wakashona sehemu ya juu, wanaume wakapiga soli, kiatu kikarudi ghalani kukaguliwa na kufungwa.

Kilichovunja utaratibu huo ni cherehani. Ilipoingia mjini mwaka 1857 kushona ngozi ya juu, mafundi waliigomea, na mvutano ukaendelea hadi 1859. Miaka hiyohiyo mwenye biashara ya viatu aitwaye Manfield alijenga mahali paitwapo Campbell Square kiwanda kikubwa cha ghorofa tatu, jengo lililowaonyesha mafundi waziwazi kwamba kazi inahama nyumbani. Lilibomolewa 1982, na naliona pengo hilo kuwa kubwa kuliko yote ya urithi wa mji huo, kwa sababu ndilo lililokuwa mwanzo wa habari.

Hata hivyo kazi haikuhamia kiwandani kwa siku moja. Kuvuta ngozi juu ya kalibu (kigogo chenye umbo la mguu), kupiga soli na kumalizia viliendelea kufanyika nyumbani kwa miaka thelathini na zaidi. Chama cha wafanyakazi chenyewe ndicho kilichodai kazi yote iingie ndani ya jengo moja, maana aliyefanya kazi nyumbani hakuwa na saa za kuanza wala kumaliza, na malipo yake yalikuwa rahisi kukandamizwa. Ndiyo maana majengo mengi unayoyaona yana tarehe za miaka ya 1880 na 1890, na mengi yana nyongeza ya ubavuni iliyojengwa muda mfupi baada ya jengo la kwanza. Mshono wa nyongeza hiyo unaonekana ukiutafuta: safu za matofali hazifuatani sawasawa, au tao za madirisha zinabadilika umbo katikati ya ukuta.

Kutoka juu kwenda chini

Kwa kawaida kiatu kilianza ghorofa ya juu kabisa. Ngozi ilipandishwa kwa winchi, kwa hiyo tafuta kwenye ukuta wa nyuma au wa uani milango iliyopangwa mmoja juu ya mwingine, kila ghorofa wake, isiyo na ngazi wala roshani. Juu yake hubaki mkono wa chuma au boriti iliyojitokeza, ambao uliubeba mnyororo. Wakarabati wengi huigeuza milango hiyo kuwa madirisha na kuukata mkono huo kwa sababu unashika kutu. Usiukate. Upigwe brashi, upakwe rangi, uachwe. Bila huo hakuna anayeelewa kwa nini kuna mlango unaofunguka hewani.

Juu walikaa wakataji wa ngozi ya juu, mafundi waliolipwa na kuheshimiwa kuliko wengi. Jina lao kwa Kiingereza, clickers, husemekana limetokana na mlio mdogo wa ncha ya kisu inapochomoka kwenye ngozi ukingoni mwa kigezo. Kigezo chenyewe kilikuwa ubao mwembamba au karatasi ngumu iliyozungushiwa ukingo wa shaba nyeupe ili kisu kisiule. Kisu kilikuwa kifupi, chenye ncha iliyopinda, na kilinolewa kila mara kwenye jiwe lililokaa palepale mezani.

Ngozi ya ng'ombe au ya ndama si kitambaa. Ina kovu la mwiba, alama ya kupe, mshipa uliojitokeza, sehemu iliyofifia rangi. Mgongoni imeshikana, tumboni inavutika kama mpira. Kipande cha mbele ya kiatu lazima kikatwe mahali palipo imara, tena kwa mwelekeo ambao ngozi haivutiki kutoka kisigino kwenda kidoleni, la sivyo kiatu kitarefuka mguuni baada ya wiki mbili. Ulimi na vipande vya ndani ndivyo vinavyochukua tumbo. Na viatu viwili vya jozi moja lazima vitoke sehemu zinazolingana rangi. Mkataji akikosea kwa upana wa kidole katika kila ngozi, faida ya kiwanda imekwisha.

Kuona yote hayo kunataka mwanga mwingi usio na jua. Northampton iko nyuzi 52 kaskazini ya ikweta, na huko jua la mchana daima liko upande wa kusini. Kwetu jua hupita utosini, mara huku mara kule. Kwao upande wa kaskazini hutoa mwanga ule ule, mtulivu, asubuhi hadi jioni, usiong'aza uso wa ngozi wala kuibadilisha rangi. Kwa hiyo paa la chumba cha wakataji mara nyingi lina mteremko wa kioo unaotazama kaskazini. Ukilikuta paa la vigae vya mawe limezibwa upande mmoja kwa mabati au mbao, fungua kwa ndani utazame kenchi: zikiwa na nafasi za kushika fremu za vioo, umekipata chumba cha wakataji.

Mwanga ndio uliopanga hata upana wa jengo. Kanuni inayotumika hadi leo ni kwamba mwanga wa dirisha unafaa kwa kazi hadi umbali wa mara mbili, au mara mbili na nusu, ya kimo cha ukingo wa juu wa dirisha kutoka sakafuni. Dirisha likiishia mita 3, mwanga wa kazi hufika mita 6 hadi 7.5. Jengo lenye madirisha pande mbili basi haliwezi kuzidi sana mita 12 hadi 15 bila kuacha giza katikati. Ndiyo sababu viwanda hivi ni virefu na vyembamba, na vikihitaji nafasi zaidi vinajikunja kuzunguka ua badala ya kunenepa. Anayekigeuza kuwa nyumba za kupangisha akapitisha korido katikati na kuweka vyumba pande zote mbili huishia na vyoo na majiko gizani, na wapangaji huwasha taa saa sita mchana.

Chini ya wakataji walikaa washonaji, wengi wao wanawake na wasichana. Hapa kingo za vipande zilipunguzwa unene ili mishono isivimbe, matundu ya mapambo yakapigwa, kisha cherehani zikaunganisha. Meza ndefu zilifuata mstari wa madirisha, na chini ya meza shafti iliendesha cherehani zote kwa mikanda. Sakafuni bado yapo matundu ya skrubu yaliyokishika kitako cha meza, kwa mistari iliyonyooka sambamba na ukuta.

Ghorofa ya chini ilikuwa ya kazi nzito. Ngozi ya soli ina unene wa milimita 5 au zaidi, na ilikatwa kwa visu vya chuma vyenye umbo la soli nzima vilivyobanwa na presi. Mshindo wa presi unatikisa sakafu ya mbao, kwa hiyo presi ziliwekwa juu ya sakafu ya udongoni. Kabla ya kukatwa na kukunjwa, ngozi hiyo huloweshwa na kuachwa inywe maji polepole, isikauke wala isiloe chapachapa; hapo ndipo ilipohitajika handaki, yaani chumba cha chini ya ardhi, yenye ubaridi. Ukiikuta handaki ina unyevu, kumbuka ilitakiwa iwe hivyo. Kuipaka kemikali ya kuzuia maji pande zote kunausukuma unyevu huo kupanda ukutani hadi kwenye ncha za boriti za ghorofa ya kwanza. Ni bora kuiachia matundu ya hewa na kuitumia kama stoo kuliko kulazimisha iwe chumba cha kulala.

Kisha kiatu kilivutwa juu ya kalibu. Hii ndiyo hatua iliyokataa mashine kwa muda mrefu, kwa sababu kukunja ngozi puani mwa kiatu bila makunyanzi kunataka vidole. Aliyeitatua ni Jan Ernst Matzeliger, mzaliwa wa Paramaribo huko Suriname, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda cha viatu Lynn, Massachusetts. Hataza yake ni ya mwaka 1883. Fundi hodari wa mkono alifikisha kama jozi 50 kwa siku. Mashine ilianzia jozi 150 na ikaendelea kupanda hadi mamia. Ilipofika Uingereza ilileta ugomvi mkubwa, na mwaka 1895 wenye viwanda waliwafungia nje wafanyakazi wa viatu kwa wiki kama sita.

Mashine hizi nyingi hazikuuzwa, zilikodishwa. Kampuni ya British United Shoe Machinery, iliyoanzishwa Leicester mwaka 1899, ilifanya hivyo kwa miongo mingi. Jambo hili lina maana katika jengo: mtu mwenye mtaji mdogo aliweza kukodi mashine zilezile za tajiri na kuziweka katika jengo dogo la kona. Bila kukodisha, huenda mitaa hii isingekuwa na viwanda vidogo vingi kiasi hicho.

Nguvu ya kuziendesha ilitoka mara nyingi kwenye injini ya gesi. Kampuni ya Crossley ya Manchester ilipata mwaka 1876 haki ya kutengeneza injini ya mipigo minne ya Mjerumani Otto, na gesi ya mji ilikuwa tayari imepita chini ya barabara. Injini ya gesi haihitaji boila kubwa wala bomba refu la moshi, na ndiyo iliyowezesha kiwanda kukaa ubavuni mwa nyumba za watu.

Mifupa ya jengo

Kiwanda cha pamba kiliogopa moto kikajengwa kwa matao ya matofali juu ya boriti za chuma. Kiwanda cha viatu kwa kawaida hakikufanya hivyo. Mashine zake ni nyepesi, kwa hiyo sakafu ni za mbao, juu ya boriti za mbao, zilizobebwa katikati na nguzo za chuma cha kusubu. Kuta ni za matofali, mara nyingi unene wa tofali moja na nusu, yaani kama milimita 340, zikipungua kadiri unavyopanda.

Nguzo ni tupu ndani. Zilimiminwa kwenye kalibu ya mchanga zikiwa na kiini katikati, na kiini hicho mara nyingi kilisogea chuma kilipomiminwa. Matokeo ni nguzo yenye ukuta wa milimita 25 upande mmoja na 12 upande wa pili, na kwa nje huoni tofauti. Kabla ya kukubali uzito mpya juu yake, toboa matundu madogo matatu kuizunguka, kwa umbali sawa, upime unene kila tundu. Tumia kipimo kidogo kuliko vyote vitatu katika hesabu, si wastani. Chuma cha kusubu kinastahimili sana kubanwa, lakini kikivutwa au kupindwa hukatika ghafla bila kutoa onyo. Kwa hiyo usining'inize kitu kizito pembeni ya nguzo, wala usiichomelee kwa moto wa kawaida: joto la sehemu moja huipasua. Ufa hushonwa baridi, kwa vipande vya chuma vinavyopigiliwa katika matundu yaliyotobolewa kukatiza ufa.

Kwenye nguzo hizo na kwenye boriti utakuta vishikio vya shafti, au matundu yake. Watu huvisaga ili nguzo ziwe laini. Ningeomba viachwe, ni alama pekee iliyobaki ya mstari wa nguvu uliopita jengo zima.

Mahali pa hatari zaidi ni ncha za boriti zilizoingia ukutani, hasa chini ya mfereji wa paa unaovuja. Kwa nje boriti huonekana nzima. Choma kwa maharazi au bisibisi nyembamba sentimita chache kutoka ukutani: ikizama bila ukinzani, mbao imeoza. Pima pia unyevu. Mbao ikizidi asilimia 20 kwa muda mrefu, kuvu hupata makazi. Tiba ni kuondoa kwanza chanzo cha maji, kisha kukata sehemu iliyooza hadi kwenye mbao safi na kuunga kipande kipya kwa bamba za chuma zilizofungwa boliti pande mbili. Ncha mpya iachiwe nafasi ya hewa pembeni na kichwani, isizungushiwe saruji.

Sakafu zina mambo mawili. La kwanza ni mafuta: mahali palipokaa shafti na mashine, mbao zimekunywa mafuta kwa miaka mingi. Gundi na vanishi hazishiki hapo, na moto hupapenda. Jaribu kipande cha nusu mita kabla ya kununua vanishi ya jengo zima. La pili ni vijisumari. Wavutaji na wapiga soli walivishika mdomoni na kuviangusha kila siku, vikakanyagwa ndani ya nyufa za mbao. Ukipitisha mashine ya kusugua sakafu kabla ya kupita na sumaku na nyundo ya kuvizamisha, unachana karatasi za msasa moja baada ya nyingine, na cheche kwenye mbao yenye mafuta ni hatari ya kweli.

Matofali, chokaa na paa

Kosa la kawaida kuliko yote ni kuziba viungo vya matofali kwa saruji. Viungo vya awali ni vya chokaa, ambayo ni laini kuliko tofali na hupitisha mvuke. Maji yaliyoingia ukutani hutokea kwenye kiungo. Ukiweka saruji umefunga njia hiyo. Maji yanatokea kwenye tofali lenyewe, baridi ya usiku inayagandisha, na uso wa tofali unabanduka kama ganda. Baada ya miaka kumi utaona viungo vya saruji vimesimama vyenyewe, matofali yamerudi ndani. Mwashi wa Mji Mkongwe wa Zanzibar au wa Lamu haelezwi jambo hili mara mbili: ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa ukipigwa lipu ya saruji hufungiwa unyevu vivyo hivyo, ingawa huko chumvi ndiyo inayoubandua badala ya barafu.

Kazi yenyewe haina siri. Kwangua kiungo kwa patasi nyembamba na nyundo, si kwa msumeno wa umeme unaokata kingo za matofali, hadi kina cha mara mbili ya upana wa kiungo na kisichopungua milimita 25. Osha vumbi, lowesha ukuta, subiri maji yaliyosimama yanyweke. Changanya sehemu 1 ya chokaa na 3 za mchanga mkali wenye chembe za ukubwa tofauti. Sindilia kwa tabaka, si kwa mkupuo mmoja, kisha ukianza kushika ugongegonge kwa brashi ngumu ili uso ufunguke. Funika kwa magunia yenye unyevu kwa siku kadhaa. Joto likishuka chini ya nyuzi 5 acha kazi, maana chokaa changa kikiganda hubomoka chote.

Tofali la kubadilisha nalo lina hesabu yake. Matofali ya zamani yana kimo cha milimita 70 hadi 75. Ya kisasa ya Uingereza yana 65. Katika kozi kumi umepotea milimita 50 hadi 100, na fundi huificha tofauti hiyo kwa kunenepesha viungo. Inaonekana toka ng'ambo ya barabara. Agiza matofali ya kipimo cha zamani, au yatoe kwenye ukuta wa ndani unaoondolewa. Na usisafishe ukuta kwa mchanga wa kupuliza: unaondoa ngozi ngumu iliyotokana na tanuri na kuacha tofali wazi linywe mvua. Ukuta huo pia huwa na maandishi ya rangi ya kampuni za zamani, yamefifia lakini yanasomeka, na yakisafishwa hayarudi.

Juu, adui ni mfereji wa bonde kati ya miteremko ya paa la kaskazini. Umetandikwa bati la risasi, na risasi hutanuka na kujikunja kwa joto. Fundi anayeweka vipande virefu ili kupunguza maungio huiua: hupasuka katikati baada ya misimu michache. Kwa risasi ya daraja la 5 (daraja hapa ni kipimo cha unene) kipande kisizidi mita 2. Kila mwisho uwe na ngazi ya milimita 50 kushuka, na mteremko usipungue 1 kwa 80. Hesabu hiyo ikikupeleka chini kuliko kimo kilichopo, inua mwanzo wa mfereji, usipunguze ngazi. Majani na manyoya ya njiwa yaondolewe kila vuli, maana bonde likiziba maji hayana pa kwenda ila ndani, na huangukia ncha zilezile za boriti.

Madirisha mengi ni ya chuma, vioo vidogo vingi, na sehemu moja ya katikati inayofunguka kwa kuzunguka. Kutu ya chuma kilichozikwa ukutani huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma chenyewe, hivyo kwanza utaona ufa wa matofali kwenye kona ya dirisha, si kutu. Rangi ya zamani ina risasi: lowesha, usisugue kavu, vaa barakoa. Kioo cha tabaka mbili chenye unene wa milimita 24 hakiingii kwenye mdomo mwembamba wa fremu hizi, na anayekilazimisha hung'oa fremu zote na kuweka alumini. Njia nzuri ni dirisha la pili kwa ndani, lililoachana na la nje kwa milimita 100 hadi 150. La ndani lizibwe vizuri, la nje lipumue kidogo; ukifanya kinyume, mvuke wa chumba hugeuka maji kwenye kioo cha nje na chuma kinaanza kuoza upya.

Jengo likiwa kwenye orodha ya taifa ya majengo ya kihistoria, kulibadilisha bila kibali kwa namna inayogusa sura yake ya kihistoria ni kosa la jinai kwa sheria ya 1990, hata kama kazi imefanywa ndani tu. Viwanda vilivyoorodheshwa vingi viko daraja la II, kikiwamo cha pili cha Manfield kwenye Wellingborough Road. Hicho kilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1890 kwa mchoro wa Charles Dorman, na kiliacha ghorofa: ofisi za fahari mbele, kazi yote nyuma kwenye sakafu moja chini ya paa la mwanga wa kaskazini, ili kiatu kitembee bila kupanda wala kushuka. Wengine walishika njia nyingine. Bata, kampuni iliyozaliwa Zlín, mji wa Jamhuri ya Cheki ya leo, mwaka 1894 na ambayo msomaji wa Kenya anaijua kwa kiwanda cha Limuru, ilijenga Zlín majengo ya zege yenye nguzo kila mita 6.15, yote kwa kipimo kimoja.

Vibanda vya uani

Vinavyonisikitisha zaidi ni vidogo. Nyuma ya nyumba za Kettering, Rushden, Raunds na miji mingine ya mkoa wa Northamptonshire, mwisho wa ua, bado vipo vibanda vya matofali vya chumba kimoja, wakati mwingine viwili kimoja juu ya kingine. Ndimo mafundi walimopiga soli kabla kazi haijaingia kiwandani. Vingi havimo kwenye orodha yoyote, na mwenye nyumba hukivunja kimoja kwa siku moja ili apate nafasi ya gari.

Kukitambua ni rahisi. Dirisha ni pana kupita kiasi kwa banda la majembe, na limewekwa chini, kwa kimo cha mtu aliyekaa, si aliyesimama. Ukutani kuna tundu la bomba la jiko dogo. Mbao ya sakafu mbele ya dirisha imechakaa mahali pawili, palipokaa miguu. Kwenye nyufa zake mna vijisumari, vipande vya ngozi, nta nyeusi ya uzi.

Mkiamua lazima kivunjwe, chukueni nusu siku kwanza. Pimeni urefu, upana na kimo, na kimo cha kizingiti cha dirisha kutoka sakafuni. Pigeni picha kila ukuta mkiwa mmesimama katikati. Mkikifungua kibanda, au dohani na sakafu ya nyumba yenyewe, mkakuta kiatu kimoja kikuukuu kimefichwa ndani, msikitoe bado. Watu wa huko walikuwa na desturi ya kuficha kiatu ndani ya jengo, aina ya zindiko la nyumba, na jumba la makumbusho la Northampton lina daftari la viatu hivyo kutoka sehemu nyingi. Kipigeni picha kilipo, andikeni ni mahali gani hasa na pua imeelekea wapi, msikipanguse vumbi wala msikipake mafuta, kisha kifungeni kwenye karatasi isiyo na asidi na si kwenye plastiki, kwa sababu ndani ya plastiki ngozi hiyo huota ukungu.